Ruhuka wangu wamekufa

Jumatatu asubuhi nilifungua kabati la joto pale maabara, na harufu ikaniambia kabla macho hayajaona. Makopo matano yameota ukungu wa kijani. Kazi ya wiki sita, basi tena.

Kwa asiyemjua, ruhuka ni kidudu cheusi, kidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Jike hutoboa buni, yaani tunda la kahawa, pale kwenye kitovu, akaingia hadi ndani ya mbegu na kutaga humo humo. Wanawe wakianguliwa, chakula ndiyo nyumba yao. Dume hawezi kuruka: anazaliwa mle, anapanda dada zake mle, anafia mle. Kwa dume mmoja utakuta majike kama kumi hivi, na hao ndio wanaotoka kwenda kutoboa buni za jirani.

Mara ya kwanza nilipopasua buni kwa wembe na kuiweka chini ya hadubini, nilimkuta mama mtu amekaa tunduni, ameuziba mlango kwa mwili wake. Nyuma yake vibuu vyeupe vyenye vichwa vya hudhurungi, mayai, na ungaunga wa mbegu iliyotafunwa. Nilimwonea haya kidogo, kama mtu aliyefungua mlango wa watu bila hodi.

Tunawafuga kwa sababu ukitaka kujaribu dawa, au vinyigu vinavyowashambulia, unahitaji mamia ya ruhuka wa rika moja. Wa shambani wamechanganyika, wazee kwa vijana, na wengine wanakuja na maradhi yao. Kumbe hata mwaka 1929, vinyigu vilipochukuliwa Uganda kupelekwa Brazili kupambana na ruhuka, kuna mtu alilazimika kukaa na makopo kama mimi.

Kazi yenyewe ukiieleza ni nyepesi. Osha buni zilizotobolewa kwa maji yenye klorini kidogo, zianike juu ya karatasi zikauke ngozi, zitie kwenye kopo lenye kifuniko cha wavu, joto nyuzi 25 hadi 27, halafu subiri kama mwezi. Zikikauka mno, mbegu inakuwa jiwe na watoto wanakufa. Zikiwa mbichi mno, ukungu. Ijumaa ile niliwahi daladala, nikazifungia zikiwa bado na unyevu. Sina wa kumlaumu.

Kopo la sita lakini halikuwa na kijani. Kwenye kila tundu palitoka kishungi cheupe kama pamba, na ruhuka amekauka katikati yake. Hiyo ni Beauveria, kuvu inayoua wadudu, ileile ambayo wenzetu huizalisha ili wainyunyizie mashambani. Ilikuja yenyewe na buni, klorini yangu haikuifikia. Msimamizi wangu alilichukua kopo lile kwa mikono miwili, anacheka peke yake. Mimi nilikuwa bado kwenye msiba.

Jumatano nikapanda nyumbani kutafuta mbegu mpya ya wadudu. Mama alikuwa kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, anakata majani ya mgomba ya ng'ombe. Nikamweleza. Akaacha kukata, akanitazama.

"Yaani baba, huku wananimaliza, huko unawalea wanakufa?"

Nikakosa jibu. Akaninyooshea panga chini ya mibuni. Buni nyeusi, kavu, zimetapakaa, nyingine bado zinaning'inia matawini tangu mavuno yaishe. Ndimo ruhuka wanamojificha wakisubiri buni changa za msimu ujao. Wakulima tunawaambia kila siku: okoteni zote, msibakize hata moja. Na za mama nilisema nitaziokota mimi, Januari, nikiwa likizo. Likizo niliimaliza Moshi mjini.

Niliokota ndoo nzima bila kusema neno. Usiku nikapasua moja jikoni, kwenye mwanga wa simu: ruhuka 23, hai, wananipanda kidoleni. Ungewaona walivyonawiri! Bila kabati la joto, bila klorini, bila mimi.

Makopo mapya nimeyafunga leo mchana, baada ya kuzianika buni siku nzima na kuzigusa moja moja. Jumamosi narudi kumalizia kihamba cha mama. Nabeba ndoo mbili, moja ya maabara, nyingine ya kumwagia maji ya moto.