Siku moja na madumu ya mkojo

Saa 1 asubuhi simu inaita. Mshiriki mpya wa utafiti wetu wa vyakula ambavyo watu hula anaanza leo kukusanya mkojo wa saa 24, na swali lake ni lile la wote: "Huu wa kuamkia niuweke?" Hapana, mama, huo mwaga, kisha andika saa. Kuanzia hapo kila tone liingie kwenye dumu, mpaka ule wa kuamkia kesho saa hiyohiyo.

Saa 3 madumu ya jana yanafika maabara. Kila moja nalipindua taratibu mara kadhaa kabla ya kuchota, maana vilivyotuama chini vikibaki, kipimo hakitakuwa sahihi. Napima ujazo, nagawa kwenye vichupa, nabandika namba badala ya jina, naweka kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri.

Dumu moja lina mililita 600 tu. Nampigia mwenyewe. Ananyamaza kidogo, kisha: "Mchana nilikuwa safarini, sikulibeba." Namshukuru sana kwa kuniambia. Kwa ajili ya hali kama hii tunawapa vidonge vya PABA, miligramu 80 mara tatu kwa siku, maana dawa hiyo karibu yote hutoka na mkojo. Tukiipata chini ya asilimia 85, kuna mkojo ambao haukuingia dumuni. Itabidi arudie.

Saa 6 majibu ya sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, yako tayari. Takriban asilimia 90 ya sodiamu tunayokula hutoka kwenye mkojo, ndiyo maana naiamini kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote, yangu ikiwemo. Hapa kuna lita 1.8 za mshiriki mmoja, zenye milimoli 95 kwa lita. Zidisha: milimoli 171, yaani gramu 10 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri zisifike 5 kwa siku. Kwenye shajara yake ya chakula ameandika "chumvi kidogo".

Mwenzangu anasema amedanganya. Neno hilo linaniudhi kwelikweli. Chumvi iliyokwisha kuyeyuka ndani ya mkate au mchuzi aliopika mtu mwingine, nani ataikadiria kwa ulimi? Aliandika alichokiona.

Saa 8 nakula haraka, narudi.

Alasiri yote ni ya spektrometa, mashine ya kutambua kemikali. Natafuta prolini betaini, inayoonyesha kwamba mtu alikula machungwa au jamii yake. Mchoro unapanda ghafla, mwembamba kama sindano, na shajara inasema glasi moja ya juisi, asubuhi. Vimekubaliana! Ila alama hii huisha mwilini upesi, kwa hiyo dumu moja halitoshi kueleza mazoea ya mtu. Tutamwomba mengine, siku tofauti, na ya wikendi iwemo.

Saa 12 jioni, nikiwa nafunga friza, ujumbe unaingia kutoka kwa yule mama wa asubuhi: "Nimetoka nalo mpaka kazini. Limefika nusu."