Protini kwa mgonjwa wa upasuaji asiyekula nyama, maziwa wala mayai

Mtu akitoka kupasuliwa tumbo, nyumbani hukimbilia supu ya kuku. Kwa anayekula mimea pekee, kuku hutolewa na kuwekwa mchicha na uyoga. Hapo ndipo mambo yanapoharibika: gramu 100 za uyoga mbichi zina gramu 3 hivi za protini, na mchicha hauzidi hapo. Tui la nazi nalo ni mafuta zaidi, tusidanganyike na weupe wake.

Mwili unaounga kidonda unahitaji gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 atafute gramu 72 hadi 90. Maharage yanaweza kuzifikisha, lakini kikombe cha maharage yaliyoiva kina gramu 15 tu, na mwenye mshono tumboni hamalizi vikombe vitano. Anachokosa ni nafasi tumboni. Ndiyo maana tunasisitiza soya: chakula kidogo, protini nyingi.

Anza na uji. Chukua unga wa soya vijiko vitatu vya chakula vilivyojaa (kama gramu 30) na ulezi kiasi hichohicho. Koroga kwa maji baridi mpaka mabonge yaishe, mimina kwenye nusu lita ya maji yanayochemka, kisha acha moto mdogo kwa dakika 20 huku ukikoroga. Dakika hizo usizipunguze: soya mbichi ina kemikali zinazozuia utumbo kusaga protini, na dawa yake ni moto. Tumia sufuria kubwa, maana soya hufura na kumwagika ghafla. Ukishaepua ndipo utie kijiko cha siagi ya karanga. Ukiitia mapema hushika chini na kuungua. Bakuli hilo lina gramu 17 hivi. Unga wa lishe wenye nafaka sita na soya ya kuonjesha haufiki hapo, hata pakiti iseme nini.

Mchana, nyama ya soya gramu 50 kavu: loweka kwa maji ya moto dakika 10, kamua, suuza, kamua tena kwa nguvu, halafu unga kwa nyanya na mafuta. Isipokamuliwa hubaki na harufu na viungo haviingii. Hapo una gramu 25, na wali pembeni unaongeza 4. Jioni, supu ya adesi nyekundu gramu 80 kavu: hazina ganda, huiva kwa dakika 20 na hutoa gramu 19. Karanga kiganja kimoja saa nne asubuhi (7), nusu bakuli la uji kabla ya kulala (8), na siku imefika 80. Karanga yenye ukungu au iliyosinyaa itupwe.

Maharage yasiachwe kabisa, ila gesi huuma kwenye mshono. Yaloweke saa 12, mwaga maji hayo, chemsha kwa mapya, na uanze na vijiko vitatu vinne kwa siku kadhaa. Aliyekatwa utumbo asubiri ruhusa ya daktari kuhusu makapi (nyuzinyuzi za chakula), na mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii kabla ya kumuuliza.

Protini isiyo na chakula cha nguvu huteketezwa kama kuni, kidonda kikabaki bila kitu. Kwa hiyo tia mafuta, parachichi, ndizi. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea, lazima vidonge au sindano. Ambaye hajawahi kuitumia amwambie mtoa dawa ya usingizi kabla ya upasuaji, kwa sababu gesi ya usingizi iitwayo nitrous oxide huiharibu hata hiyo kidogo iliyobaki mwilini.

Kamulia limau kwenye adesi ili madini ya chuma yaingie. Chai ya rangi isubiri saa nzima baada ya kula.