Darasa la Kwanza, Januari hadi Desemba: anasoma au anaimba?

Ukipita karibu na Darasa la Kwanza mwezi wa Machi, utasikia ba be bi bo bu ikivuma hadi barabarani, na mzazi aliyesimama nje ataondoka ameridhika. Mwalimu asiridhike haraka hivyo. Watoto wengi wanaoimba ubao ule hawautazami. Badilisha mahali pa be na bu, kisha nyooshea bu kidole: wataendelea kusema be. Tangu mtaala wa KKK uanze mwaka 2015, kusoma, kuandika na kuhesabu vimepewa sehemu kubwa ya ratiba ya Darasa la Kwanza na la Pili hapa Tanzania, lakini vipindi vingi havimsaidii mtoto anayefuatisha sauti ya jirani.

Januari darasa halijakamilika. Wengine huandikishwa Februari, hata Machi, na baadhi yao hawakupita darasa la awali kabisa. Kwa hiyo wiki mbili za kwanza ziwe za masikio na mkono, herufi zisubiri. Masikio: taja neno, watoto wapige kofi kwa kila silabi. Kuku makofi mawili, tikiti matatu. Kisha taja mama, meza, moto, kuku, waseme lipi limeanza tofauti. Mkono: mistari ya wima, ya mlalo, ya mshazari, duara na nusu duara, kwanza hewani, kisha chini kwenye mchanga kwa kijiti, mwisho daftarini. Ukiruka hatua hii, Aprili utakuta mtoto anayechora a kwa vipande vitatu, na kumrekebisha huchukua muda mrefu kuliko kumfundisha.

Penseli ikatwe nusu. Kipande cha sentimita 8 au 9 kinamtosha mkono wa miaka 6, na penseli moja huhudumia watoto wawili. Zichongwe kabla ya kipindi na zikae kwenye kopo mezani kwa mwalimu, maana anayekosa ncha hutoa wembe mfukoni. Mtoto wa mkono wa kushoto aachwe na mkono wake. Mkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto, ili kiwiko chake kisigongane na cha jirani, na daftari lake liinamie kulia. Hilo tu.

Kwenye herufi, irabu tano huja kwanza, kisha konsonanti zinazozaa maneno mapema. Mimi napendelea m, k, t, l, b, s, n. Kwa m, k na t pekee, pamoja na irabu, mtoto ana mama, kaka, kuku, moto, kiti, taka. Fundisha sauti, usifundishe jina. Aliyezoeshwa kuita b “be” atasoma “be-a” anapokutana na ba, naye hana kosa, amesoma alichofundishwa. Sauti ya m inavutwa mdomo ukiwa umefumba. Sauti ya t inakatwa papo hapo bila irabu kuifuata.

Kipindi cha dakika 30 kinagawanyika hivi: dakika 5 za kusikiliza sauti, 5 za kuitazama herufi na kuiumba hewani na kiganjani, 10 za kuunganisha silabi na kujenga maneno, 10 za daftari. Kinachoharibika mara nyingi ni zile 10 za katikati. Mwalimu anaandika ma me mi mo mu kwa mpangilio, darasa linaimba, muda unakwisha. Andika badala yake mi, ku, ta, mo, ke zikiwa zimechanganyika, na uwaite kwa safu au mmoja mmoja. Unaposoma ili wafuatishe, kosea kwa makusudi: onyesha kiti, soma “kita.” Watakaopinga ndio wanaosoma. Wengine watasema kita kwa sauti kubwa kabisa, na hao ndio wa kukaa nao karibu.

Maneno ya Kiswahili hurefuka mapema. Sentensi ya kwanza tu, Mama anapika, ina neno la silabi nne, na mtoto akifika ka ameshasahau a. Chora vitao chini ya silabi, kisha mtoto aongeze silabi kila mara kuanzia mwanzo: a, ana, anapi, anapika. Mkate na mtu vina mtego wao. M inayosimama peke yake ni silabi kamili, ipigiwe kofi lake, la sivyo watasoma “mukate.” Na mahali ambapo nyumbani huongelewa Kisukuma au Kimaasai, mtoto anaweza kusoma neno vizuri asijue ni kitu gani. Leta kitu chenyewe au picha kabla ya herufi.

Mikoa ya mvua za masika, Machi hadi Mei, hukutana na adui ambaye andalio la somo halimtaji: bati. Mvua ikishuka, tofauti ya p na b haisikiki hata dawati la mbele. Usishindane nayo. Weka tayari kazi za kimya: kuhesabu kwa visoda (vifuniko vya chupa za soda), mwandiko, kuoanisha picha na neno. Masomo ya sauti yahamie asubuhi kama kwenu mvua hunyesha mchana.

Visoda ndivyo kifaa bora cha kuhesabia, na havinunuliwi. Watoto 80 wakikaa wawiliwawili, kila jozi na visoda 20, unahitaji 800. Magenge na baa chache zitavitoa kwa wiki moja. Vioshwe kwa sabuni, kingo zigongwe kwa nyundo zilale, vifungwe ishirini ishirini kwenye mifuko. Mwisho wa kipindi kila jozi ihesabu kabla ya kurudisha. Hiyo nayo ni hesabu, na usipofanya hivyo, kufikia Juni utabaki na nusu.

Tazama kidole. Mtoto anayetamka haraka kuliko anavyogusa atapata 9 kwenye visoda 7. Akimaliza kuhesabu, muulize vingapi. Akianza upya kutoka moja, bado hajajua kwamba namba ya mwisho ndiyo jibu. Kwenye kutoa, wengi huona 5 − 2 na kupanga visoda vitano, kisha viwili, wakajibu 7. Wapange vitano tu. Ile mbili ni ya kuondoa, haipangwi.

Kosa ambalo utaliona kila mwaka ni 105. Umesema kumi na tano, mtoto ameandika kumi, halafu tano. Amesikia sawasawa kabisa! Kumweleza “nafasi ya makumi” kwa maneno hakusaidii. Funga njiti kumi kwa mpira, ziwe fungu moja, weka tano pembeni. Kisha tumia kadi mbili za boksi: ya 10 ndefu, ya 5 nusu yake, na kadi ya 5 iwekwe juu ya 0 ya ile kumi. Sifuri imefunikwa, haijapotea. Njiti za chelewa ni nzuri, ila zikatwe fupi, kama sentimita 10, na ncha ziwe butu, kwa sababu ya macho.

Likizo ya Juni hufuta mengi. Julai usifungue ukurasa unaofuata kabla ya kupima kila mmoja peke yake: silabi 10 zilizochanganywa, maneno 5, na maneno 3 yasiyo na maana kama tibe, lupe, dise. Haya ya mwisho ndiyo yanayofichua, kwa kuwa hakuna aliyeyakariri. Dakika mbili kwa mtoto, watoto kumi kwa siku wakati wengine wananakili, na darasa la 80 linakwisha kwa siku nane za shule. Gawa makundi matatu kwa matokeo hayo, na kundi la chini likae mbele. Utaratibu wa kuwapeleka nyuma wasiojua bado upo sehemu nyingi na hauna faida yoyote kwao.

Muhula wa pili ni wa silabi changamano. Ch, sh na ny kwanza, maana ni sauti moja moja. Kisha mb, nd, nj, ng. Hapa imla itakuonyesha nyuba badala ya nyumba, kwa sababu sauti ya puani hupita haraka. Mwambie aweke kidole juu ya pua anapotamka mba. Atahisi mtetemo, na ndiyo ile m aliyoiacha. Th, dh na gh zisubiri Septemba. Ng’ ifundishwe mbali na ng, wiki mbili kati yao, na kwa ng’ombe na ng’oa ubaoni. Wengi hudhani kile kialama ni uchafu wa karatasi. Mbw na ngw za mwisho kabisa.

Imla iwe maneno 5 kwa siku, si 20 Ijumaa. Sahihisha safu moja kwa undani kila siku na nyingine kwa alama ya vema tu, ili kila mtoto apate jicho lako angalau mara moja kwa wiki. Zaidi ya hapo ni kujidanganya.

Desemba inapokaribia, mwandikie mwalimu wa Darasa la Pili karatasi moja isiyo na wastani wala nafasi ya mtoto darasani: jina, silabi ambazo bado, namba anazoandika kinyumenyume (3 na 7 mara nyingi), anahesabu kwa visoda au bila visoda, anatumia mkono gani. Orodha hiyo ataitumia Januari kabla hajafungua kitabu, na upimaji wa kitaifa wa KKK utawakuta watoto hao mwishoni mwa mwaka huohuo.