"Makosa Yalifanyika": Mtenda Anapojificha katika Hotuba ya Rais

Ninaposoma hotuba ya rais, kalamu yangu hutangulia kwenye viambishi kabla ya kufika kwenye methali na ahadi. Wengi wetu huitafuta nguvu ya hotuba katika maneno mazito, ilhali hayo ndiyo maneno ambayo msikilizaji amekwisha kujihadhari nayo. Kinachompita bila kupiga hodi ni kile kipande kidogo cha kitenzi kinachoeleza nani ametenda.

Tarehe 2 Novemba 1978, siku chache baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera, Julius Nyerere aliwatangazia Watanzania kwamba Amin atapigwa. Alitaja mambo matatu, yaani uwezo, sababu na nia, na kila kifungu akakifunga kwa "tunao" au "tunayo". Hadi leo watu huikariri kauli hiyo, wengine wakiipangua mpangilio wake, lakini sijamsikia hata mmoja anayeisahau ile "tu-". Angeweza kusema kwamba jeshi lina uwezo na serikali ina nia, na maana ya kijeshi isingebadilika sana. Kwa kusema "tunao", alimfanya hata msikilizaji ambaye hajawahi kushika bunduki awe mwenye vita.

Katika tukio lile, naona "tu-" ilistahili, kwa kuwa nchi ilikuwa imevamiwa kweli. Hata hivyo, Kiswahili hakina "tu-" mbili, moja ya mimi na wewe msikilizaji, nyingine ya mimi na wenzangu tuliokuwa kikaoni, na hapo ndipo ujanja unapopata nafasi. Rais akisema "tumeamua kuongeza kodi", walioamua wanajulikana, nao ni wachache. Akiendelea na "tutafunga mikanda", watakaofunga mikanda ni umma mzima. Kiambishi ni kilekile, lakini watu wamebadilishwa katikati ya aya, na makofi yanapigwa kana kwamba hakuna aliyehama.

Sidai kwamba sarufi peke yake ina miujiza. Usiku wa tarehe 12 Machi 1933, Franklin Roosevelt, rais wa Marekani, aliwaeleza wananchi wake redioni, benki zikiwa zimefungwa kwa sababu ya hofu ya watu kupoteza fedha zao, kwa lugha ya mazungumzo ya kawaida, kwamba benki haifungii fedha za mteja kasikini bali huzikopesha na kuziwekeza, na kwamba zingekuwa salama zaidi katika benki iliyofunguliwa upya kuliko chini ya godoro. Benki zilipoanza kufunguliwa siku iliyofuata, watu walirudisha fedha walizokuwa wamezificha. Husifiwa sana utulivu wa sauti yake, na kwa haki, lakini ni yeye aliyekuwa ameamuru benki hizo zifungwe, na sheria ya dharura ya kuziokoa ilikuwa imepitishwa tarehe 9 Machi. Maneno yaleyale yangetoka kinywani mwa jirani, yangebaki kuwa faraja tu.

Kinachonikera zaidi ni kauli ya "makosa yalifanyika". Kiswahili kinatupa njia mbili za kumwondoa mtenda mbele ya sentensi. Tukisema "makosa yalifanywa", sikio hubaki likingojea "na", yaani yalifanywa na nani. Tukisema "yalifanyika", mlango umefungwa. Makosa yamejitokeza yenyewe, kama mvua iliyonyesha usiku watu wamelala. Simlaumu kila anayeitumia kauli hiyo, maana hata mimi nilipovunja sahani utotoni nilisema kwamba imevunjika. Tofauti ni kwamba mama yangu aliweza kuuliza swali la pili papo hapo, ilhali anayesikiliza hotuba ya rais hana kipaza sauti.

Ronald Reagan, naye rais wa Marekani, alitumia mbinu hiyo kwa Kiingereza tarehe 27 Januari 1987, alipoligusia Bunge la nchi yake suala la serikali yake kuiuzia Iran silaha kwa siri: makosa makubwa, alisema, yalifanyika. Hakumtaja aliyeyafanya. Maswali hayakukoma, na tarehe 4 Machi mwaka huohuo alilazimika kurudi mbele ya kamera na kutamka kwamba yeye mwenyewe anabeba dhamana kamili ya matendo yake na ya serikali yake. Kutoka kitenzi kisicho na mtenda hadi nafsi ya kwanza umoja, zilipita wiki tano na siku moja.