Nilivyoigeuza Tamthilia ya Sehemu 12 Kuwa Filamu Moja

Tamthilia ya bunilizi ya kisayansi niliyoiandika kwa ajili ya televisheni ilikuwa na misimu miwili, kila msimu ukiwa na sehemu sita za dakika 26, yaani dakika 312 kwa jumla. Mtayarishaji aliponiomba niigeuze kuwa filamu moja isiyozidi dakika 105 nilikubali papo hapo, kwa kuwa niliamini kwamba mwenye hadithi yake hashindwi kuifupisha. Ilinichukua miezi minne kutambua kwamba kazi niliyopewa haikuwa ya kufupisha.

Kisa chenyewe kinatokea mwishoni mwa karne hii, katika mji wa kubuni kusini mwa Kilwa, ambako visima vyote vimeingiwa na chumvi na watu wanaishi kwa maji ya mtambo mmoja unaosafisha maji ya bahari. Anayeutunza mtambo huo ni mwanamke ambaye tangu mwanzo hadi mwisho anaitwa Fundi tu. Siku moja mtambo unaanza kuzungumza naye kwa sauti ya kaka yake aliyezama baharini.

Kwanza nilifanya kile ambacho pengine kila mtu angefanya: nilichukua miswada yote 12, nikafuta nilichoona hakina uzito, nikaviunga vilivyobaki. Nilipata kurasa 171, na kwa kuwa ukurasa mmoja wa mswada hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, nilizidi kukata mpaka zikabaki 118. Kila sini iliyobaki ilikuwa nzuri kwa nafsi yake, lakini zilipopangwa pamoja hazikwenda. Kila sehemu ya tamthilia nilikuwa nimeijenga ipande taratibu na kuishia pale ambapo mtazamaji atalazimika kusubiri wiki nzima. Nilipoziunganisha, hadithi ilipanda na kushuka mara 12, kama basi linalopita kwenye matuta.

Aliyenifumbua macho ni shangazi yangu, mwalimu mstaafu, ambaye hakuwahi kuitazama tamthilia hata mara moja kwa sababu saa hiyo huwa anafuatilia taarifa ya habari kwenye kituo kingine. Nilimwomba anisikilize nikimsomea mswada wote kwa sauti, nikashika penseli, na kila alipouliza huyu ni nani au hili limetoka wapi nilitia alama pembeni mwa ukurasa bila kubishana naye. Alama ya kwanza niliitia ukurasa wa 3, na kufikia ukurasa wa 20 zilikuwa zimetimia 14. Fundi alipoanza kumlilia kaka yake, shangazi alinikatiza.

“Mwanangu, huyo kaka alikufa lini? Mbona mimi sikumwona?”

“Alikufa msimu wa kwanza, shangazi.”

“Msimu upi, wa kaskazi au wa kusi?”

Tulicheka mpaka chai ikapoa, lakini alama niliitia, tena nikaizungushia duara.

Baada ya hapo niliuweka mswada kabatini nikaanza kuchunguza walivyofanya waliotangulia. Iliyonifaa kuliko zote ni Serenity ya mwaka 2005, aliyoiandika na kuiongoza Joss Whedon kutokana na tamthilia yake mwenyewe, Firefly, ambayo mwaka 2002 ilikatishwa nchini Marekani baada ya kurushwa sehemu 11 kati ya 14 zilizotengenezwa. Niliitazama robo saa yake ya kwanza mara nyingi, daftari likiwa mapajani. Inaanzia darasani, mwalimu akiwaeleza watoto jinsi binadamu walivyoihama Dunia. Mara tunatambua kwamba darasa lile ni ndoto ya msichana aliyefungwa katika maabara. Kaka yake anakuja kumwokoa. Kisha picha inasimama, na tunaona kwamba yote hayo ni rekodi inayotazamwa na mtu anayemsaka. Kwa dakika chache tu mgeni ameshaujua ulimwengu, msichana, kaka na adui. Kinachofuata ni nahodha kutembea ndani ya chombo chake cha angani, kamera ikimfuata kana kwamba haikatwi, akikutana na mabaharia wake mmoja baada ya mwingine, na tunamjua kila mmoja kwa anavyomjibu.

Lakini kilichonishangaza zaidi ni kwamba Whedon aliivunja habari yake mwenyewe. Katika tamthilia, kaka alisimulia kwamba aliwalipa watu wamtoroshe dada yake. Katika filamu anaingia maabara yeye mwenyewe. Shabiki mwaminifu ana haki ya kulalamika, ila bila badiliko hilo asingelipata lile tendo, angebaki na maelezo tu. Vivyo hivyo katika Star Trek, tamthilia ya Marekani ya safari za anga: filamu ya mwaka 1982 ilimrudisha Khan, adui aliyetoka katika sehemu moja tu iliyorushwa mwaka 1967, naye anamtambua Chekov, mmoja wa mabaharia wa chombo, kwa sura ingawa Chekov hakuwa ameanza kuonekana katika tamthilia wakati ule. Kosa hilo linajulikana sana, na filamu haikupungukiwa na kitu.

Mfano wa tatu ulinisaidia katika kubishana na mtayarishaji wangu. Mwaka 1953 BBC ilirusha moja kwa moja, bila kurekodiwa kwanza, The Quatermass Experiment, tamthilia ya sehemu sita ya mwandishi Nigel Kneale kuhusu mwanaanga anayerudi akiwa anageuka kiumbe kingine. Miaka miwili baadaye kampuni ya Hammer iliifanya filamu ya dakika 82 hivi. Katika televisheni, Profesa Quatermass, mwanasayansi aliyeituma safari hiyo, anazungumza na ubinadamu uliobaki ndani ya kiumbe hicho mpaka unashinda. Katika filamu kiumbe kinauawa kwa umeme. Umeme bila shaka ulipendeza kwenye kioo kikubwa, lakini hapo mimi niko upande wa televisheni. Mtayarishaji wangu naye alitaka mtambo ulipuke.

Nilirudi mezani na daftari jipya, miswada ya zamani ikiwa imefungiwa kabatini, nikaandika swali moja kwenye ukurasa wa kwanza: je, Fundi atauzima mtambo unaosema kwa sauti ya kaka yake, ilhali mji mzima unakunywa kutoka humo? Lolote ambalo halikumsogeza karibu na swichi ile, au kumsukuma mbali nayo, halikuingia. Wahusika 11 walibaki watano. Mzee mmoja mjenzi wa majahazi, ambaye nilimpenda kuliko wote na aliyekuwa na sehemu yake nzima katika msimu wa pili, aliondoka kabisa. Kilichobaki kwake ni mbavu za jahazi lisilomalizika, zinazoonekana ufukweni kila Fundi anapokwenda kazini. Nikiri kwamba jambo hilo bado linaniuma.

Halafu nami niliivunja habari yangu. Katika tamthilia Fundi alikuwa mjini siku kaka yake alipozama, akapelekewa taarifa. Katika filamu kurasa sita za kwanza zinamweka kwenye mashua, kamba ikiwa mikononi mwake, na ni yeye anayeiachia. Baada ya hapo hakuna anayehitaji kuelezwa kwa nini sauti ile inamtesa.

Sikutarajia kwamba ukubwa wa kioo nao ungenilazimisha kuandika upya. Kwenye televisheni mtambo wetu ulikuwa ukuta wenye taa na korido moja, kwa hiyo wahusika walilazimika kuueleza kwa maneno. Kwa filamu niliandika kurasa nne zisizo na mazungumzo: Fundi anapita kati ya pampu usiku akiwa na tochi, anahesabu mapigo ya pampu hizo kwa midomo kama afanyavyo kila zamu, moja, mbili, tatu, nne, na safari hii pigo la tano linakuja mahali ambapo halikupaswa kuwapo. Anazima tochi ili asikie vizuri. Sauti ya kaka inazaliwa ndani ya pigo hilo, polepole, kabla haijawa neno.

Kuhusu haki za kisheria nitasema machache. Kituo kilichorusha tamthilia kilikuwa na sehemu ya umiliki, na idhini yake ya maandishi ilichelewa kuliko mswada wenyewe. Ningekuwa naanza leo ningeiomba kabla ya kuandika hata ukurasa mmoja.

Mswada wa pili ulifika kurasa 103. Nilimrudia shangazi, chai ikawekwa, nikasoma, na mpaka mwisho nilikuwa nimetia alama mbili tu. Moja nimeirekebisha kwa sentensi moja. Nyingine iko ukurasa wa 61, pale Fundi anapokataa kumjibu kaka yake, na shangazi akauliza kwa nini amenyamaza. Mwongozaji ananiambia nisiongeze neno hapo, kwamba uso wa mwigizaji utamjibu. Nimeiacha kama ilivyo, na alama ya penseli bado ipo.