Jinsi nilivyozuia ute wa mwani kuziba chujio la utando

Mtambo mdogo ninaoutunza jijini Nairobi huchuja maji ya bwawa kwa utando, yaani ngozi nyembamba yenye vitundu vidogo mno, na kila mwani ulipostawi shinikizo lilipanda, wala kuusafisha kwa kusukuma maji kinyumenyume hakukufaa kitu. Nilipoufungua nilikuta ute wa kijani hafifu unaoteleza kama bamia, yaani protini na polisakaridi (minyororo mirefu ya sukari) zinazotolewa na seli za mwani, ambazo hunata ndani ya vitundu. Klorini, ambayo hupasua seli hizo na kumwaga yaliyomo, niliihamishia baada ya kuchuja. Kabla ya kuchuja nikatia shabu, pH (kipimo cha uasidi wa maji) ikiwa kati ya 6 na 6.5, ili ute ugandamane na kutuama. Utando niliuloweka katika kostiki (alkali kali) iliyozimuliwa, kwani asidi hufaa zaidi kwa chokaa. Shinikizo limetulia, ingawa shabu nayo inakula fedha.