Karatasi Zisizo na Kalamu Nyekundu

Tulitoka Charlotte, jimbo la North Carolina, Marekani, giza bado halijapambazuka, Oktoba 2023, mimi na shemeji yangu anayeendesha gari kama dereva wa daladala anayewahi abiria wa mwisho. Barabara namba 40 haina makuu mpaka mji mdogo wa Old Fort. Baada ya hapo inaanza kupanda, malori yanajibana upande wa kulia yakihema, masikio yanaziba. Ilinikumbusha kupanda Lushoto kutoka Mombo, ila huku hakuna watoto wa kukukimbilia dirishani na mapeasi. Miti ilikuwa imegeuka: mwekundu, wa njano, mwingine rangi ya chai iliyokosa maziwa.

"Kwa hiyo shemeji, safari yote hii ni kwenda kuangalia karatasi?"

"Karatasi."

"Za nani?"

"Za mwanafunzi."

Alicheka hadi akapunguza mwendo, jambo ambalo polisi wa hapa hawajawahi kufanikiwa kumfanyisha.

Nafundisha sanaa shule ya msingi. Tangu nihamie North Carolina nilikuwa nasikia habari za Black Mountain College, chuo kilichofunguliwa mwaka 1933 na John Andrew Rice, mwalimu aliyekuwa amefukuzwa chuo kimoja cha Florida, pamoja na wenzake wachache. Chuo kilikuwa mali ya walimu wenyewe. Hakuna bodi ya matajiri, hakuna masomo ya lazima. Alama ziliandikwa ofisini kwa ajili ya atakayehamia chuo kingine, lakini mwanafunzi mwenyewe hakuonyeshwa. Kilidumu miaka 24, kikafungwa 1957 kikiwa hakina hela. Waliopita pale ni kama 1,200 tu kwa jumla, idadi ambayo sekondari moja ya Dar inaweza kuijaza kwa mwaka mmoja.

Nyaraka zake nyingi zimehifadhiwa Oteen, mashariki mwa Asheville, kwenye tawi la hifadhi ya nyaraka za jimbo. Begi unaliacha kabatini. Kalamu ya wino ni marufuku, unaingia na penseli. Mimi hutembea na kalamu nyekundu mfukoni hata Jumapili, kwa hiyo kuisalimisha pale mlangoni ilikuwa kama Mmanga kuvuliwa jambia.

Mama mtunza nyaraka aliniletea sanduku la kijivu, akaniambia nitoe jalada moja moja na nisivuruge mpangilio. Lilikuwa la mwanafunzi wa sanaa wa miaka ya 1940. Jina lake naliacha, kwani hakuwa mtu maarufu wala hakuomba kuandikwa. Nilitegemea michoro ya kutundika ukutani. Nilichokuta ni majaribio. Karatasi imekunjwa mara kumi na nne (nilihesabu mistari), imefunguliwa, imekunjwa tena kwa njia nyingine. Vipande viwili vya rangi ileile vimebandikwa juu ya mandhari mbili tofauti, kimoja kinaonekana kama kimefifia, kingine kama kimewaka. Jani kavu limegeuka kahawia yote, na pembeni yake karatasi iliyokatwa kwa umbo la kivuli chake.

Hiyo ilikuwa mikono ya darasa la Josef Albers. Yeye na mkewe Anni, mfumaji, walifika 1933, baada ya Bauhaus, shule ya sanaa na usanifu, kufungwa kule Ujerumani kwa shinikizo la Wanazi. Josef hakujua Kiingereza cha maana. Alipoulizwa atafundisha nini, alijibu kwamba anataka kufungua macho. Zoezi lake mashuhuri ni hili: chukua karatasi, ifanye isimame na ibebe uzito, usitumie gundi, usitupe kipande hata kimoja. Unamjua mwalimu wa namna hiyo. Hakuambii umekosea, anasimama tu nyuma yako mpaka uone mwenyewe.

Niligeuza kila karatasi kutafuta vema au mkasi. Sikuona hata kimoja.

Kulikuwa pia na ratiba ya kazi: jikoni, shambani, kuni, kufua. Hapo nikacheka peke yangu, mama akanitazama. Sisi tuliosoma Tanzania miaka ya themanini tunalijua shamba la shule, Elimu ya Kujitegemea. Kwetu mwalimu alikaa chini ya mwembe, sisi tukalima, na mahindi yakaishia kwake. Black Mountain walimu nao walishika majembe. Wapo wanafunzi waliolalamika, maana jembe ni jembe, lakini ukilima sambamba na anayekufundisha jiometri nadhani uchovu wake ni mwingine.

Msanii Ruth Asawa alifulia nguo pale. Alikuwa binti wa wakulima Wajapani wa California, aliyefungiwa kambini pamoja na familia yake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha akanyimwa nafasi ya kufanya mazoezi ya ualimu kwa sababu ya asili yake. Alifika 1946. Muhuri wa kufulia ulioandikwa BMC aliutumia kugonga herufi juu ya karatasi mpaka zikawa mawimbi. Mwaka 1947 akiwa Toluca, Mexico, aliona mafundi wakifuma vikapu vya waya, tanzi ndani ya tanzi, naye akaijenga sanaa yake juu ya ufundi huo. Nyaraka zake ziko Stanford, mbali na hapa. Bibi yangu Pangani alisuka ukili maisha yake yote na hakuna aliyeweka hata mkeka mmoja kwenye sanduku la kijivu. Tuliukalia mpaka ukachakaa.

Mimi ni mweusi, kwa hiyo nilitafuta na hilo. Alma Stone Williams, mwanamuziki, alipokelewa kiangazi cha 1944, wakati sheria za jimbo zilitenganisha shule kwa rangi. Mwaka 1946 Albers alimwalika mchoraji Jacob Lawrence kufundisha. Alikuja na mkewe Gwendolyn Knight, wakakaa kiangazi kizima chuoni bila kukanyaga Asheville, kwa kuogopa ubaguzi. Mimi asubuhi ile nilikuwa nimekunywa kahawa Asheville na kulalamikia bei.

Mchana tulikwenda Lake Eden, chuo kilikohamia 1941. Sasa ni kambi ya likizo ya wavulana. Nilikuwa nimeomba ruhusa, tukapewa muda mfupi. Jengo la masomo ambalo walimu na wanafunzi walilijenga wenyewe bado lipo, refu, limekaa ukingoni mwa ziwa kama jahazi lililosubiri maji. Chini yake, kwenye nguzo za zege, kuna michoro aliyoichora msanii Jean Charlot mwaka 1944. Shemeji aliigusa zege, si mchoro, akasema, "Hawa vijana walikoroga vizuri." Yeye ni fundi ujenzi, na sikumsikia akimsifu mtu mwingine siku ile.

(Septemba iliyofuata kimbunga Helene kilishusha mvua kubwa, mto Swannanoa ukafurika bonde lote. Nilipoona picha, kwanza nilifikiria watu, halafu lile sanduku.)

Garini nilichukua karatasi iliyofungia mkate wetu nikajaribu zoezi la Albers. Ikalala. Nikajaribu tena, ikalala.

"Hebu lete," shemeji akasema, akaikunjakunja juu ya usukani kabla hatujawasha gari, akaisimamisha kwenye dashibodi na funguo za nyumba juu yake. Ilisimama hadi kona ya kwanza ya Old Fort.